Mafuta, Barabara na Kuku wa Mradi: Historia ya Chipsi Mayai

Ukitaka kuijua historia ya chipsi mayai, usianze na kiazi wala yai. Anza na mafuta. Viazi mviringo vimelimwa nchini kwetu kwa zaidi ya karne moja, na kuku wamekuwa wakitaga tangu enzi za mababu. Hata hivyo sahani hii, inayoliwa leo kuanzia Mbagala hadi Bukoba, haikuweza kuwa chakula cha watu wa kawaida mpaka mafuta ya kupikia yalipoacha kuwa kitu cha kupangiwa foleni.

Nayasema haya nikiwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mzaliwa wa Uporoto mkoani Mbeya na mkazi wa Temeke tangu mwaka 1981. Nimekulia shambani kwenye viazi, nikazeekea mjini kwenye chipsi. Kila ninaposikia wazee wenzangu wakiwasimanga vijana kuwa ni "kizazi cha chipsi", yaani legelege wasiojua kushika jembe wala mwiko, natamani kuwaambia: kaeni kitako, niwaeleze sahani hiyo imepita wapi mpaka ikafika mezani. Hakuna ulegevu ndani yake. Kuna baridi ya milimani, kuna malori yaliyopinduka kwenye mteremko wa Kitonga, kuna mishahara iliyoliwa na mfumuko wa bei, na kuna akina mama waliojifunza kukausha kiazi kwa vijiko viwili vya mafuta.

Kiazi chenyewe ni mtoto wa baridi. Asili yake ni milima ya Andes, pande za ziwa Titicaca, kwenye mpaka wa leo wa Peru na Bolivia, ambako watu walianza kukilima maelfu ya miaka iliyopita. Wenyeji wa huko walikiacha nje usiku kigande, mchana wakakikanyaga kutoa maji na kukianika, wakapata chuño, chakula cha ghalani kinachokaa miaka bila kuoza. Wahispania wakakivusha bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16. Huko nako hakikupokelewa kwa vigelegele. Mwaka 1756 mfalme Frederick II wa Prussia alilazimika kutoa amri kwa maofisa wake wawashurutishe wakulima kukipanda. Miaka isiyofika mia baadaye, Waayalandi maskini walikuwa wanakitegemea kwa kila mlo, na ukungu ulipoingia mashambani mwao mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Ukungu huohuo ndio unaowanyima usingizi wakulima wa Uporoto mvua za masika zikizidi. Jani linaanza na baka jeusi pembeni, na usipopiga dawa, baada ya siku chache shamba zima linanuka uozo.

Kwetu kiazi kililetwa na Wajerumani. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na wenzao wa misheni ya Berlin wakaingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka huohuo. Baadaye serikali ya kikoloni ikajenga boma Tukuyu, mji waliouita Neu-Langenburg. Watu hawa waliikuta nchi yenye ubaridi kama wa kwao, wakaleta mbegu za kwao: ngano, kabichi, matunda ya Ulaya, na viazi. Wenyeji waliokuwa wakivilima kwa ajili ya meza ya mzungu hawakuchelewa kuona kwamba zao hili linakomaa ndani ya miezi mitatu au minne, na kwamba halihitaji kinu wala jiwe la kusagia. Likahama kutoka bustani ya misheni hadi bustani ya nyuma ya nyumba, kisha likapanda mlimani: Uporoto, Umalila, Ukinga, na nyanda za Njombe. Upande wa kaskazini likatia mizizi kwenye milima ya Usambara, hasa Lushoto.

Mtu wa pwani huuliza kwa nini viazi visilimwe Rufiji au Bagamoyo ili chipsi zishuke bei. Jibu ni usiku. Mmea wa kiazi hutunga vizuri pale joto linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukiwa wa moto, kama ule wa Dar es Salaam mwezi Januari, mmea hutoa majani ya kupendeza huku chini kukiwa na vijiazi vya kuchezea watoto. Kwetu Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Juni unatoka nje umejifunga blanketi, na mkulima ameshainama kwenye tuta.

Lakini hapo milimani hakuna aliyekula chipsi. Mama yangu alivichemsha viazi na maganda yake, tukavimenya kwa vidole huku vikituchoma. Au alivifukia kwenye majivu ya moto wa jioni. Au alivichemsha pamoja na maharage, akaviponda, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha watu wazima waliotoka shambani. Kukaanga hakukuwapo kwa sababu rahisi: hapakuwa na cha kukaangia. Mafuta ya nyumbani yalikuwa samli kidogo kwa wenye ng'ombe, na siku ya sikukuu mafuta ya nguruwe kwa wanaomla. Mafuta ya dukani yalipimwa kwa kijiko. Yalitiwa kwenye mboga, tena kwa heshima.

Kilichokitoa kiazi mlimani ni barabara. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia yake ya mafuta ya petroli. Malori yakaanza kupeleka mapipa kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma kwa barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa Kizungu waliipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mzigo ukapungua, lakini barabara nayo iliendelea kupanuliwa, na miaka ya mwanzo ya 1970 lami ikafika. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Kwa Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia mambo haya yalihusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kwa baba yangu yalikuwa na maana ya ziada: lori linalorudi Dar es Salaam tupu linatafuta mzigo.

Na mzigo ulikuwapo. Viazi vilipakiwa jioni ili visafiri usiku, kwa kuwa jua la Mikumi linaweza kuvichemsha ndani ya gunia. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kati yake kuna mteremko wa Kitonga, ambako breki zikigoma viazi vyote vinakuwa vya wanakijiji wa bondeni. Gunia lililofika salama lilishushwa Kariakoo, ambako mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya lililosanifiwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, lile lenye paa la miamvuli ya zege. Katika miaka ya 1980 lami ikapanda pia kutoka Makambako kupita Njombe hadi Songea, na viazi vya Njombe navyo vikapata njia yao.

Kwa hiyo nilipohamia Temeke mwaka 1981, viazi vilikuwapo sokoni, japo kwa bei ya kufikiria. Tatizo lilikuwa kila kitu kingine. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha miaka miwili nyuma na hazina ilikuwa imekauka. Sabuni, sukari, unga na mafuta ya kupikia viliuzwa kwa mgao katika maduka ya kaya. Ulikuwa unaacha ndoo au tofali kwenye foleni kushika nafasi yako, unaenda kufundisha kipindi, unarudi kuangalia kama tofali lako limesogea. Mafuta ya pamba ya kutoka Kanda ya Ziwa yalipoonekana, habari zilivuka mtaa haraka kuliko habari za msiba. Mwaka 1983 serikali ikaanza kuwasaka wale iliowaita wahujumu uchumi, na watu wengine wakamwaga mafuta usiku kwa kuogopa kukutwa nayo.

Ni katika miaka hiyo ndipo nilipojifunza kile ninachokiita kiazi cha kikaango, ambacho kwa maoni yangu ndicho mzazi wa kweli wa chipsi mayai ya nyumbani. Karai la mafuta ni mtaji. Muuzaji anayelijaza jioni analigawa kwa wateja wake wote mpaka usiku. Mama mwenye watoto wanne hawezi kumwaga lita mbili za mafuta kwa mlo mmoja. Lazima akipate kiazi kilichokauka nje na kulainika ndani kwa mafuta yanayofunika tu sehemu ya chini ya kikaango. Jirani zangu walikuwa wanatoka Tanga, Kilwa na Kigoma, na hawakukijua kiazi kama mimi ninavyokijua. Lakini walijua moto, na mimi sikuwa naujua moto wa mkaa kama wao. Tukafundishana.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kiazi kina maji karibu asilimia 80, na maji ndiyo adui wa ukavu. Wanga uliotoka kwenye mikato nao ni adui, kwa kuwa unanata chini ya kikaango na kuungua kabla kiazi hakijaiva. Kwa hiyo unakata vidole vinene kiasi, unaviosha na kubadilisha maji mpaka yabaki maangavu, halafu unavichemsha kwa maji yenye chumvi na ndimu kidogo. Ndimu si ya ladha. Uchachu wake unazuia kiazi kisivurugike, kingo zake zikabaki zimesimama. Unavitoa vikiwa bado vinagoma kidogo ukivichoma na ncha ya kisu, unavitandaza kwenye ungo, na unaviacha vitoe mvuke wote. Hapo ndipo wengi hukosa subira. Kiazi kinachoingia kwenye mafuta kikiwa na unyevu kinatumia moto kufukuza maji badala ya kujijengea gamba.

Kikaango kiwe kizito, mafuta yapate moto mpaka kipande cha kitunguu ukikidumbukiza kichemke mara moja. Unapanga vidole tabaka moja tu, visipandane. Kisha unaondoa mkono. Usikoroge, usigeuze, na wala usifunike. Ukifunika, mvuke unarudi na kila ulichojenga kinalainika. Kiazi kitashika chini na utadhani kimeharibika, lakini gamba likikamilika kinajiachia chenyewe, ukitikisa kikaango kinateleza. Hapo ndipo unageuza upande wa pili. Kwa mkaa, unapunguza moto kwa kuchota makaa kutoka katikati na kuyasogeza ukingoni, ili joto liwe sawa chini ya kikaango chote. Mbinu hiyo nilifundishwa na mama mmoja wa Kilwa aliyekuwa akioka mikate ya sinia, akaniambia, "Mwalimu, wewe una vitabu vyako, lakini moto hausomi."

Mayai nayo yana historia yake, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu zaidi. Mayai ya kienyeji yalikuwa machache na ya msimu. Kuku alitaga, akaatamia, akalea, na mama mwenye nyumba hakula yai ovyo kwa sababu yai ni kifaranga. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980, mshahara wa mtumishi wa serikali ulikuwa haumalizi hata wiki mbili. Watu tukaanza miradi. Mtafiti wa Kimarekani Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka hiyo, alionyesha jinsi familia za wafanyakazi zilivyokuwa zikiishi zaidi kwa miradi ya pembeni kuliko kwa mishahara: ushonaji, maandazi, barafu, na kuku. Kuku wa kisasa wa mayai walifugwa kwenye gereji za madaktari, nyuma ya nyumba za wahasibu, na kwenye stoo za walimu. Kuku hao hawana msimu. Wanataga karibu kila siku, wakila chakula au wakinuna, na trei inayojaa lazima iuzwe leo.

Basi tazama mji ulivyokuwa. Mwaka 1984 bajeti iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa rais, watu wakamwita Mzee Ruksa, na maduka yakaanza kujaa. Mafuta ya mawese kutoka Asia yakaingia kwa madumu, na alizeti ya Singida na Dodoma ikaongezeka baadaye. Viazi vinashuka kwa barabara kila usiku. Mayai yanatoka kwenye kila ua. Na viwandani watu wanapunguzwa, vijana wamejaa mitaani bila ajira, huku wakiikumbuka bado Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliyowafanya wasiokuwa na kazi wakamatwe na kusombwa kupelekwa mashambani. Ukiwa na jiko, karai, kikaango na benchi, una kazi. Huhitaji pango la duka wala cheti.

Hivyo ndivyo vibanda vya chipsi vilivyoota, kwa ninavyokumbuka mimi, kwenye vituo vya mabasi, nje ya baa na karibu na kumbi za sinema na disko. Kulikuwa na kabati la kioo la kutunzia chipsi zilizokwisha kukaangwa, taa ya chemli pembeni, chupa ya nyanya iliyozimuliwa kwa maji na siki, pilipili, na bakuli la kachumbari. Mteja alisema kama anataka kavu au mayai. Akitaka mayai, kijana alichota chipsi konzi mbili akazitia kwenye kikaango kidogo, akapasua mayai mawili kwenye kikombe cha bati, chumvi, koroga, mwaga. Vijana wakaipa jina la zege, na ukiangalia namna yai linavyoshika chipsi kama saruji inavyoshika kokoto, huwezi kubisha.

Nilisimama mara nyingi kuwatazama mafundi hao, kwa jicho la mwalimu. Aliye bora hamwagi yai katikati. Anazungusha kutoka ukingoni, ili lile linalogusa chuma lishike kwanza na kujenga kingo, halafu anainamisha kikaango kidogo ili bichi liingie chini. Upande wa chini ukishapata rangi, anafunika kikaango kwa sahani, anakipindua kwa mkono mmoja, kisha anairudisha chipsi mayai nzima kikaangoni kwa kuitelezesha. Upande mmoja unabaki na chipsi zilizotokeza nje ya yai, na hizo ndizo zinazolia kwenye meno. Fundi mbaya anazamisha kila kitu kwenye yai, unakula kitu laini kama godoro la hospitali.

Mbinu hii ya sahani haikubuniwa Temeke peke yake. Wahispania wana kimanda chao kinene cha viazi, na wanakipindua kwa sahani. Waswisi wa jimbo la Bern wana rösti, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa kwa siagi au mafuta ya nguruwe mpaka viwe mkate mmoja wenye gamba la dhahabu, ambayo zamani ilikuwa kifungua kinywa cha wakulima. Nayo hupinduliwa kwa sahani. Yeyote mwenye kiazi, mafuta machache na kikaango kimoja atafika hapohapo, kwa sababu tatizo lake ni lilelile: kukausha pande mbili bila kuwa na mafuta ya kuzamisha.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Kwao viazi vinalimwa mlangoni pa mji mkuu: Limuru, Kinangop, Nyandarua. Nairobi ikajenga utamaduni wa chipsi za dukani, chipsi na kuku, chipsi na soseji. Mombasa wakashika viazi karai, vile vya kuchovya kwenye ujiuji wa unga wenye manjano na kuzamisha kwenye mafuta, vikaliwa kwa ukwaju. Wahindi wa Nairobi walikata kiazi duara nyembamba, wakakipaka unga wa dengu na kotimiri na kukipa dunia kwa jina la maru bhajia, ambayo tangu miaka ya 1970 inauzwa pia Wembley, London. Pamoja na wingi huo wote, Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu ilikuwa inaagiza viazi vilivyokatwa tayari kutoka nje. Wakenya walichachamaa, na walikuwa na haki. Shida haikuwa uhaba wa viazi. Kampuni kubwa inataka kiazi kilichopita ukaguzi wake, chenye ukubwa mmoja na sukari ileile kila siku ya mwaka, na mfumo wa kumsaidia mkulima mdogo kufikia hapo haukuwapo.

Jambo hilo la sukari ndilo linalonirudisha shambani kwetu. Watu hulaumu mpishi chipsi zinapotoka nyeusi na teketeke. Mara nyingi mpishi hana kosa. Kiazi kikavu, chenye wanga mwingi na sukari kidogo, kinatoa chipsi nyeupe-njano inayosimama. Kiazi kilichong'olewa kichanga kina maji mengi, ngozi yake inachubuka ukiipitishia kidole, na hakitakauka hata ukikibembeleza. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kali kimegeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kikigusa mafuta ya moto kinakuwa kahawia kabla hakijaiva. Mkulima anayejua hukata majani wiki mbili kabla ya kuvuna, ili ngozi ikomae ardhini. Lakini mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa na mchuuzi aliyesimama shambani na lori haangalii ngozi. Anang'oa.

Na anapong'oa, anakutana na lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, kofia ya viazi iliyofungwa kwa kamba, linauzwa kwa bei ya gunia moja huku likibeba karibu moja na nusu. Sheria ya vipimo inataka kifungashio kisichozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hutoa maonyo kila msimu. Barabarani utaziona kofia hizo hizo. Kila ninapoona bei ya sahani ya chipsi Temeke, najua sehemu ya unafuu wake ililipwa na mtu wa Isyonje aliyetoa viazi vya bure juu ya gunia.

Mbegu nazo zimebadilika. Utotoni mwangu tulikuwa na viazi vyekundu vya Arka. Baadaye kituo cha utafiti cha Uyole kikaleta aina mpya, Kikondo ikasambaa, na siku hizi wakulima wanakutajia hata Obama, kiazi cheupe kinachopendwa na wauza chipsi. Ukimuuliza mkulima kwa nini anapanda hicho, hatakwambia utamu. Atakwambia, "Ndicho wanachotaka mjini." Karai la Dar es Salaam sasa ndilo linaloamua kinachopandwa Uporoto, jambo ambalo baba yangu asingeliamini.

Wakati huohuo sahani imekuwa ikirudi nyumbani. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, zile rambo nyeusi zilizokuwa zikibeba chipsi zikaondoka. Oktoba 2021 wachuuzi wa Dar es Salaam walihamishwa kutoka kando ya barabara, na vibanda vingi vikapoteza kona zao. Gesi ya mtungi imeingia kwenye nyumba nyingi, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa kikaango, gesi ni neema, kwa sababu moto unaushusha kwa kugeuza kitasa badala ya kuchota makaa. Binti zangu na wakwe zangu wanapika chipsi mayai jikoni Ijumaa jioni, wengine wanaoka viazi kwanza kwenye ovena.

Wanangu hao wana sababu nyingine pia ya kupikia nyumbani. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba viazi vinavyokaangwa kwa moto mkali vina kemikali iitwayo akrilamaidi, inayotiliwa shaka kuwa chanzo cha saratani. Na mtu yeyote aliyeona mafuta ya karai yaliyotumika wiki nzima, meusi na mazito, hahitaji mwanasayansi kumwambia. Kiazi cha kikaango, kinachokaangwa kwa mafuta machache, mapya, mpaka rangi ya dhahabu na si kahawia, kinaepuka mengi kati ya hayo. Njia tuliyoifuata kwa umaskini wa mwaka 1981 ndiyo daktari anayoisifu leo.

Nina nung'uniko moja la kitaaluma. Miaka yote niliyofundisha sayansi kimu, wasichana wangu walisoma kuoka keki, kutengeneza kastadi na kukanda maandazi ya mayai kwa vipimo vya kikombe. Mtaala ulirithiwa kutoka kwa watu waliodhani jiko la maana ni lile lenye ovena. Chakula kilicholisha mji wao, kilichowapa kaka zao ajira na kulipia daftari zao kupitia trei za mayai ya mama, hakikutajwa popote. Nilikifundisha mwenyewe, baada ya kipindi, kwa kisingizio cha somo la matumizi bora ya mafuta. Mkaguzi aliwahi kuingia, akanusa, akauliza kama ni sehemu ya silabasi. Nikamjibu kwamba ni sehemu ya Dar es Salaam. Akaomba sahani.

Kwa hiyo ukitaka kupika leo, nenda sokoni asubuhi kiazi kikiwa bado na udongo wake. Kiminye, kikwaruze kwa ukucha: ngozi ikitoka kirahisi, kiache. Kikiwa na ukijani, kiache pia, hiyo ni dalili ya sumu. Muulize muuzaji kimetoka wapi na kimeng'olewa lini, na akikujibu vizuri usimbane sana bei. Kukauka kwa chipsi zako kumeanza shambani, kwa mtu aliyesubiri ngozi ikomae, na subira hiyo hatoiweza msimu ujao kama sisi wa mjini tutaendelea kumlipa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu.